Soda ya Faini Niliyokunywa Kalama

Jumapili, jioni. Baridi ya Julai haina huruma wiki hii. Ukungu umekalia milima ya Iveti tangu asubuhi, na jua lilichungulia mara moja tu, saa saba hivi, likarudi lilikotoka. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Sehemu ya kutetemeka huku ni baridi. Sehemu kubwa ni hasira.

Kanisani nimeimba bila kusikia ninachoimba. Padri amehubiri juu ya mizani za uongo. Au labda hakuhubiri hivyo, labda ni mimi tu niliyesikia hivyo.

Ninyi mnaosoma blogu hii, mnaofika arobaini nikijihesabu na mimi, mnazijua kelele zangu za mbio za magari. Timu moja kubwa ya mbio za dunia ilipovuka kikomo cha matumizi, ikatozwa faini isiyoiuma, kisha ikaendelea kushinda kama kawaida, niliandika hapa siku tatu mfululizo. Niliwaita wakubwa wa mchezo ule kila jina ambalo mama yangu angeruhusu. Niliuliza sheria ya pesa ina kazi gani ikiwa mwenye pesa anaweza kununua hata adhabu. Niliuliza kwa nini wanaotunga sheria wanakula meza moja na wanaozivunja. Mliniunga mkono, na mmoja wenu akanipa jina: wakili wa mashabiki. Nililipenda jina lile. Nilitembea nalo mjini wiki nzima nikijiona mtu.

Leo linaniwasha kama upupu.

Jana haikuwa zamu ya Ulaya. Ilikuwa zamu yangu, hapa Kalama, mbele ya watu wanaonijua tangu nikiwa na meno ya maziwa. Na wakili akanyamaza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: tuna mbio zetu ndogo. Kila mwaka mahindi yakishavunwa, mzee mmoja wa kanisa hutuachia shamba lake. Tunang'oa mabua, tunapanga magunia ya mchanga kwenye kona, na magari makuukuu ambayo kwingine yangeuzwa kwa kilo yanafukuzana raundi ishirini ndani ya vumbi. Watu hutoka mbali, hata Kithyoko, kuja kutazama. Akina mama huuza chai na mahindi ya kuchoma. Mimi ni katibu wa klabu. Siku sita za wiki nauza vipuri katika duka moja hapa mjini, kwa hivyo bei ya kila kitu kilicho chini ya boneti naijua kama Baba Yetu.

Sheria yetu kubwa ni moja. Gari, pamoja na kila kitu kilichofungwa juu yake, visizidi shilingi laki mbili. Tuliiweka ili fundi wa kando ya barabara aweze kushindana na mtoto wa tajiri, na mkono wa usukani ndio uamue. Niliiandika mimi kwenye daftari la klabu, kwa mwandiko wangu bora, nikaipigia mstari mara mbili. Niliona tumewashinda wakubwa wa dunia kwa sentensi moja.

Halafu nikaandika sentensi ya pili.

Ya pili inasema kwamba kitu ambacho mtu amepewa zawadi hakihesabiwi. Msinicheke. Kwetu hakuna anayeuliza bei ya zawadi. Mtu akikuletea kuku, humgeuzi yule kuku mkononi ukaanza kukadiria. Kwenye mkutano wetu wa kwanza kuna jamaa aliyependekeza zawadi nazo zipigwe hesabu, na watu wote wakaangua kicheko. "Sasa utauliza mama mkwe hiyo mbuzi alinunua pesa ngapi?" mtu akamuuliza kutoka nyuma, na maskini akaketi. Nikaandika, nikicheka na wenzangu. Ilionekana ni adabu tu. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mlango wa adabu unaweza kupitisha injini nzima.

Jana ilipita.

Deno ni mtoto wa mwenyekiti wetu, Bwana Kyalo, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana gari la Deno lilikuwa likikohoa kama ya wengine wote. Jana lilifika juu ya lori, likiwa na injini nyingine kabisa, rimu nne zinazong'aa, na breki ambazo dukani kwetu hatuziagizi mpaka mteja alipe kwanza. Nililizunguka nikijumlisha kichwani. Nilipofika laki tano niliacha, na sikuwa nimefika hata upande wa nyuma.

"Hii yote ni zawadi ya anko wa Syokimau," Deno akaniambia. Alikuwa anatabasamu, wala si kwa ubaya. "Si iko kwa sheria yako, katibu?"

Iko. Nikaandika jina lake kwenye orodha ya mbio.

Alishinda kwa raundi mbili nzima. Alipokuwa anamaliza, wengine bado walikuwa wanasukumana kwenye kona ya magunia. Wa pili alikuwa ndugu yangu Mutisya, ambaye ni fundi wa magari na hajawahi kukanyaga uwanja wa mbio wenye lami. Wa tatu alikuwa Njoroge, anayeuza maembe kule Matuu. Huyu Njoroge inabidi mumjue. Huweka risiti ya kila nati ndani ya mfuko mtupu wa maziwa, na kila asubuhi ya mbio hunikabidhi ule mfuko kabla sijamwomba. Wenzake humtania kwamba siku akifa atazikwa nao. Yeye hucheka nao, na mbio zijazo anauleta tena.

Mbio za jana ndizo zilizokuwa za kuchagua wawili wa kwenda kwenye mashindano makubwa ya Nairobi mwezi wa Desemba, kwa gharama ya klabu. Kwa hivyo waliochaguliwa ni Deno na Mutisya.

Watu walizomea. Mashabiki wa Kalama hawana adabu ya televisheni. "Hiyo ni zawadi ama ni mahari?" mama mmoja wa mahindi alipiga kelele, na uwanja mzima ukachukua wimbo. Ikabidi kamati ikae. Kamati yetu ni watu watano, na nilidhani Bwana Kyalo atajitoa kwa sababu kesi ni ya mtoto wake. Alivuta kiti akakaa katikati.

Nilisema jambo hili lichunguzwe. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Bwana Kyalo akaniangalia kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Mwikali, sheria uliandika wewe. Kijana hajavunja kitu. Lakini juu ya vile watu wanalalamika, wacha atoe faini kidogo, tuishi kwa amani." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Faini ikawa kreti nne za soda. Kikao hakikumaliza dakika kumi. Na zile kreti, kumbe, zilikuwa tayari kwenye lori.

Mimi nilipewa ya machungwa. Kulikuwa na vumbi, nilikuwa nimepiga kelele tangu asubuhi, na koo lilikuwa limekauka.

Nilikunywa.

Msiotoka huku pengine hamwoni ubaya wake. Kwetu faini huliwa na wote. Iwe mbuzi, iwe soda, aliyekosa analeta, waliokosewa wanakula, na mkishakula kesi imekwisha. Huwezi kupangusa mdomo halafu ukasema bado una neno. Ndiyo maana Bwana Kyalo hakutaka pesa ziingie kwenye sanduku la klabu. Alitaka vinywa vyetu. Alitupata wote na kicheko juu, na mama yule wa mahindi, aliyeanzisha wimbo, alikunywa mbili.

Mtu mmoja tu hakunywa. Deno mwenyewe alimpelekea Njoroge chupa, na Njoroge akaipokea kwa mkono wa kulia, akairudisha kwenye kreti polepole. "Asante, siko na kiu," akasema. Akafunga gari lake kwa kamba nyuma ya pikapu ya shemeji yake, akachukua mfuko wake wa risiti kutoka mezani kwangu, akaondoka. Alinipita karibu sana. Hakunitazama vibaya. Alinitazama usoni, kisha akaitazama chupa iliyokuwa mkononi mwangu, na ilikuwa imebaki nusu.

Nimeiona ile nusu chupa siku nzima ya leo. Nimeiona kwenye ekaristi.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa nisifike.

Tairi nne za gari la Mutisya nilimpa mimi. Nilizinunua mwezi wa Mei, kwa bei ya mfanyakazi, nikamwambia ni zawadi ya dada. Ilikuwa zawadi kweli. Lakini nisidanganye: nilijua pia kwamba gari lake lilikuwa limefika ukingoni mwa laki mbili, na kwamba bila neno lile zuri, zawadi, tairi zingelivusha. Lisingevuka kwa mengi. Ningeweza kusema ni kidogo, ningeweza kusema Deno amevuka kwa laki tatu na sisi kwa vumbi tu. Bahati mbaya nilishaandika hapa hapa kwenye blogu, siku zile za hasira ya Ulaya: "Aliyevuka kwa hatua moja na aliyevuka kwa maili moja, wote wako ng'ambo." Nimeyasoma maneno hayo leo mchana. Yameandikwa vizuri. Nikaifunika simu kifudifudi juu ya meza.

Kwa hivyo kama jana ningesimama nikasema zawadi zihesabiwe, Deno angetoka, na ndugu yangu angetoka pamoja naye. Njoroge angekuwa wa kwanza. Tangu jana najiambia kwamba nilinyamaza kwa kumwogopa mwenyekiti. Si kweli. Bwana Kyalo simwogopi kiasi hicho. Nilinyamaza kwa sababu ya Mutisya, na soda ilikuwa njia rahisi ya kunyamaza.

Basi ndivyo wanavyofanya wale wakubwa wa dunia nao. Kumbe hawahitaji kuwa wabaya. Wanahitaji tu kuwa na mtu wao kwenye mbio.

Baada ya kanisa nilikwenda kwa mama, Kalama. Nilimkuta jikoni akitoa mbaazi kwenye maganda, nikakaa kwenye kigoda nikamsaidia, nikamweleza yote. Mwaitu, kama tunavyomwita, hana haja na magari. Kwake yote ni moshi. Lakini kesi anazijua. Alicheka mpaka mbaazi zikamwagika. "Umekula mbuzi ya kesi, halafu unataka kesi!" Alinisemesha kwa Kikamba, ambako inachekesha zaidi. Alipomaliza kupangusa macho akaongeza, "Labda uirudishe."

Nikamuuliza kama hilo linawezekana, mtu kurudisha faini aliyokwisha kula.

"Watu hawarudishi kwa sababu wanaona haya," akasema. "Si kwamba kuna mtu amekatazwa." Akanisogezea rundo lingine la mbaazi.

Mutisya anakaa nyumba ya pili katika boma lile lile. Alikuwa nje akiosha gari, siku ya Jumapili, kwa maji ya kuchota. Asubuhi alikuwa amewaambia watu wa kanisa habari ya Desemba, na mke wake alikuwa tayari anauliza Nairobi mtu anavaa nini kwenye mbio. Sijawahi kumwona na furaha ya namna hiyo tangu azaliwe mtoto wake wa kwanza. Nilikaribia kurudi zangu. Nilisimama pale mpaka akaniuliza mbona nimenuna.

Nikamwambia tairi zinapaswa kuhesabiwa.

"Si ulinipea?"

"Nilikupa."

"Basi. Na nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Akaacha kuosha. "Kwa hivyo nikae hapa sababu ya tairi, na Deno aende Nairobi na injini ya anko? Hiyo ndiyo haki yenye unaandikanga kwa simu?"

Nikamwambia Deno naye hataenda, nikikubaliwa. Nikikubaliwa! Hata mimi nilisikia jinsi neno lile lilivyokuwa jepesi. Mutisya alimwaga maji yaliyobaki, akaigeuza ndoo, akaikalia akinipa mgongo. "Enda tu," akasema. "Enda, wakili wa mashabiki."

Sikujua kwamba anaisoma blogu hii. Imeniuma zaidi kuliko kama angenitukana.

Nilirudi mjini. Kwenye kioski cha pale stendi nikanunua soda moja, ya machungwa, na nikamwacha mwenye kioski akishangaa niliposema asifungue. Nimeiweka juu ya meza ninapoandikia. Jirani alifungua televisheni saa kumi, na nikasikia magari ya dunia yakinguruma ukutani, mzunguko baada ya mzunguko, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikwenda kugonga mlango wake. Sikuwa na mtu wa kumzomea huko.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikiwa nimeamua kwamba nitakwenda kwenye mkutano wa kamati wa kesho hata kama ndugu yangu hatanisemesha mpaka Krismasi, wakati mtu alipopiga hodi. Alikuwa mwendesha boda boda anayesimama karibu na boma letu. Akanipa kitu kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. "Ni ya Mutisya. Amesema hakuna cha kukuambia."

Ulikuwa mfuko mtupu wa maziwa. Umeoshwa, umekaushwa. Ndani yake kulikuwa na makaratasi: risiti za kweli chache, nyingine zimeandikwa nyuma ya kadi ya harusi, nyingine kwenye kipande cha kasha la plagi. Mutisya hajawahi kuweka risiti maishani mwake, kwa hivyo nadhani amekaa mchana wote akikumbuka na kuwapigia simu mafundi wenzake. Juu ya yote kulikuwa na ukurasa wa daftari la shule la mtoto wake, na orodha kwa ule mwandiko wake unaoegemea upande mmoja. Boneti ya kuokota. Betri ya mtumba. Usukani. Kila kitu na bei yake mbele.

Mstari wa mwisho: "Tairi 4, za dada." Mbele yake ameacha nafasi. Na chini yake ameandika, "Hii sijui. Zawadi hatuulizangi."

Nimelia kidogo. Sioni haya kuliandika.

Kisha nimechukua kalamu nikajaza ile nafasi. Sikuandika bei ya mfanyakazi. Niliandika ya dukani, ile ambayo Njoroge angelipa kama angeingia mlangoni kama mteja mwingine yeyote. Nikajumlisha mara mbili. Gari la ndugu yangu limevuka.

Kamati inakaa kesho saa kumi, nyuma ya duka la Bwana Kyalo, ili nisome kumbukumbu za jana na majina mawili yapitishwe. Nitasoma. Nikimaliza nitauweka mfuko huu mezani, na nitaomba ile sentensi yangu ya pili ifutwe, na gari la Deno na la Mutisya yapimwe kwa kipimo kile kile kilichompima Njoroge. Nitamwomba Bwana Kyalo atoke nje wakati tunaamua. Huenda nikatoka mimi. Huenda wakapata katibu mwingine kabla ya Jumanne, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu na mdomo mdogo. Na watakaponikumbusha, kwa kuwa watanikumbusha, kwamba faini ilishaliwa na kesi ikaisha, nitakuwa na jibu.

Sina kreti nne. Ya wengine siwezi kuwarudishia, kila mtu na koo lake. Mimi narudisha yangu.

Iko hapa mbele yangu, na baridi hii imeifanya iwe kama imetoka kwenye friji. Nina kiu, kusema kweli. Kifuniko chake bado kiko.